Mfuko

Waliniletea orodha mwezi wa Rajabu:
mabwana wa Kireno kumi na wawili,
askari wa Omani ishirini na majambia yao,
ya mbao, yapakwe rangi ya fedha,
padri mmoja, sultani mmoja, na malkia
ambaye hakuna ajuaye alikuwa malkia wa wapi
ila mpwa wa mwenyekiti anataka kuvaa taji.

Nikatia miwani. Nikashuka Barabara ya Biashara,
nikapata pazia la mahameli la hoteli iliyofungwa,
jekundu, bado likinuka sigara za wageni,
na humo nikamkata kapteni wa Ureno.

Kapteni ni Twalib, karani wa bandarini.
Tumbo lake halikuwamo katika historia.
Siku ya kujaribu, zipu ilikatika,
nami nikaishika himaya kwa pini tatu,
nikamwambia: usivute pumzi mpaka ngome itekwe.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga.
Usiku wa tisa wa kazi hiyo
niliisoma orodha tena, kutoka chini kwenda juu,
kama mtu atafutaye jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani.
Wamo waliojenga, yaani walioamuru kujengwa.
Wamo waliozingira. Wamo waliozingirwa.
Hata mbuzi wa sultani yumo, na shela yake.

Hayumo babu Msellem.

Babu aliingia ngome hii bila tarumbeta,
kwa shilingi kumi na mbili za kodi ya kichwa,
enzi ngome ilipokuwa jela.
Miezi minne alifagia ua
ambao kesho utatandikwa zulia.
Nyanya alisema tu, "alipokuwa kule,"
akielekeza kidevu upande wa bahari,
na sisi watoto tukidhani babu alikuwa baharia.

Marekani ilibaki, dhiraa tatu u nusu.
Nikakata kaptura, na shati lisilo kola.
Hakuna aliyeagiza. Sikuandika kwenye hesabu.
Nikazitundika mwisho wa kamba, nyuma ya majoho,
nikalala.

Jumamosi. Taa, vipaza sauti, ubani na moshi wa mishikaki.
Mizinga ilikuwa ya kanda; kanda ikakwama,
ikalipuka Wareno wakiwa wameshakufa,
na maiti mmoja akaruka.
Mimi nyuma ya turubai, pini mdomoni,
nikicheka kwa pua.

Ndipo Karama wa Kuze, mshika bendera,
akamwagikiwa na sharubati, kanzu nzima.
"Fundi, nipa chochote!"
Nilikuwa namfunga malkia taji.
"Tazama kambani," nikasema, bila kugeuka.

Akatoka na kaptura ya marekani,
bendera ya sultani begani kama fagio.

Kicheko kikaanza kwa vijana, kule ukutani:
"Huyu yuwatoka wapi? Amekosea sinema!"
Mtangazaji akapekua karatasi zake,
akapekua, akanyamaza.
Viti vya mbele, Bi Mwanaate akajiinua kwa fimbo.
Hakusema neno. Alisimama tu,
kama tusimamavyo jeneza likipita.
Kisha jirani yake. Kisha safu nzima,
na walio nyuma wakasimama kwa kuwa hawaoni.

Karama hakujua lolote. Alidhani ni bendera.

Usiku nilikusanya nguo, nikahesabu pini:
mbili. Ya tatu imekwenda na Ureno.
Ndani ya mfuko wa kaptura
maganda ya njugu, na shilingi tano.

Mfuko?
Mkono uliushona kwa mazoea.
Mfungwa hana mfuko; angetia nini?
Nikashika wembe niufumue,
nguo iwe kama zilivyokuwa.

Nikauweka wembe.
Maganda nikayakung'uta dirishani.
Shilingi tano nikairudisha mlemle.

Zimesalia saba, babu.